Mafundo ya Ammi Idris

Nyinyi vijana wa pale ghalani mmenisumbua kwenye simu tangu nirudi Kitui. Mzee andika, mzee tuachie kitu. Haya, nimekaa chini. Lakini anayetafuta habari za vyeo na nyongeza afunge hapa akanywe chai. Nitaandika juu ya mifupa, na juu ya mtu aliyenifundisha kuishuku.

Nilisafiri miaka ile mawakala walikuwa kila ghorofa ya Nairobi, na kila wakala ana binamu yake Riyadh. Mimi niliahidiwa ulinzi, sare na kofia. Nikapelekwa Al-Sulay, pembeni mwa Riyadh, kwenye ghala la mabati, nikapewa glavu na mswaki. Mswaki jamani! Nikamuuliza msimamizi, "Geti la kulinda liko wapi?" Akasema, "Mafi geti, hakuna. Yalla, fungua sanduku." Nikafungua. Ndani mifuko, na ndani ya mifuko mifupa, mingine imeungua ikawa nyeusi. Haki ya Mungu nilijua nimekwisha. Nyumbani tulikuwa tumesikia habari za watu wanaotolewa figo ng'ambo, nami nikasema moyoni, kumbe wakishatolewa figo huletwa hapa. Nikaanza kurudi nyuma nikiutafuta mlango.

Mlangoni nikamgonga mzee wa Kisudani mwenye kilemba cheupe. Huyo ndiye Idris. Ghala zima lilimwita Ammi, yaani baba mdogo, hata msimamizi. Hakuniuliza jina. Alinitia mkononi kipande cha pembe, akaniuliza kwa Kiarabu kile cha kazini ambacho hata mgeni hukielewa kwa mikono, "Mnyama gani?"

"Mbuzi," nikasema.

"Una hakika?"

"Ammi, mimi nimezaliwa zizini. Ni mbuzi."

"Ni kondoo," akasema. "Aliyezaliwa zizini ndiye hukosea, maana haangalii. Yalla, rudi ukae."

Nikarudi nikakaa, sikumwamini hata kidogo. Nilichukua siku nyingi kukubali kwamba mifupa ile ilikuwa ya mifugo tu. Ilitoka katika kijiji kilichofukuliwa kaskazini, kijiji cha watu walioishi kabla ya chuma na kabla ya shaba, ambao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kumfunga mbuzi kamba badala ya kumfuata porini. Kazi yetu ilikuwa kusafisha na kupanga, ili wasomi wajue watu wale walifuga nini, walichinja lini, na nini kiliingia chunguni.

Ammi alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likatuchosha: "Mfupa mmoja ni mwongo. Ngoja wa pili." Ukiokota jino limelika, usiseme mbuzi mzee, tafuta taya. Ukiona mfupa wa paja umepasuliwa katikati, usiseme walikuwa wakifyonza uboho. Huenda ni ng'ombe aliyeukanyaga jana yake. Lakini ukikuta mapaja yote yamepasuliwa pahali pamoja, hapo anza kuamini, kidogo. Na ukikuta madume yamechinjwa yakiwa machanga na majike yameachwa mpaka meno yamekwisha, basi hao walikuwa watu wa maziwa. Dume la nini wakati maziwa hayatoki kwake? Hata kwetu dume moja linatosha kijiji kizima.

Alikuwa pia akiilamba mifupa. Ndiyo, kuilamba. Mfupa wa kale hunata ulimini, mpya haunati. Mimi nilikataa mwaka mzima nikisema ulimi wangu una kazi nyingine. Siku hizi nalamba, na nyinyi mnaocheka nyuma ya masanduku mtalamba.

Mnaona basi kazi yenyewe ni kushuku. Shida ni kwamba mtu akishuku kutwa, hawezi kuuvua ushuku wake jioni pamoja na glavu. Nilimshuku msimamizi, nilimshuku mpishi, nilimshuku mwenzangu wa kitanda cha juu aliyekuwa akisali sana. Na Ammi mwenyewe nilimshuku kuliko wote, kwa sababu alikuwa na mfuko mdogo wa ngozi wenye kufuli, hauachi hata chooni.

Baada ya muda kazi ilihamishwa Jeddah. Mwenye utafiti alikuwa mwanamke Msaudi, msomi wa mifupa ya kale, sisi tukimwita Madam. Ghala la Al-Sulay lilikuwa na joto la kuivunja mifupa, basi akachukua masanduku yale muhimu akayaweka katika vyumba vya uani, nyuma ya jumba lao Al-Hamra, upepo wa baharini uyapoze. Mimi nikawa dereva wa nyumba asubuhi na msafisha mifupa mchana. Nililala chumba cha getini. Ammi alipanga chumba mtaa wa Ghulail, akija kila siku kwa basi. Kafili wetu, yaani mwajiri mwenye vibali vyetu, alikuwa mume wa Madam, tukimwita Baba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikiliza mama yake.

Mama yake ndiye Hajja, mwanamke mzee mwenye macho makali na magoti mabovu. Alasiri alikuwa akija uani na birika la kahawa, anakaa karibu na sinia zetu za mifupa, anatutazama. Nikajua ametumwa kutuchunguza. Nilikuwa nikikaa wima akiingia.

Na alikuwepo Mwende, Mkamba mwenzangu kutoka Mwingi, mfanyakazi wa ndani. Hakuniita Muli, aliniita Baba Nduku kwa jina la binti yangu, kama ilivyo adabu. Alikuwa ameacha watoto wawili kwa mama yake, na kila kitu alichokitazama katika nyumba ile alikitazama akifikiria ada ya shule.

Sasa Madam alihitaji mifupa mipya ya kulinganisha na ile ya kale. Mbuzi na kondoo wa umri unaojulikana: wa miezi kadhaa, wa mwaka, jike aliyezaa. Ammi ananunua mnyama sokoni, nyama inaliwa, mifupa inachemshwa ibaki mitupu. Aliyechemsha ni Mwende, kwenye jiko la nje. Wa kwanza tulipomchemsha, nikamwona amechota bakuli, ametia chumvi na ndimu.

"Mwende! Hiyo ni ya utafiti!"

"Baba Nduku, wanataka mifupa ama wanataka supu?"

"Mifupa."

"Basi mifupa ndiyo hii. Tumwage supu ya mbuzi mzima, Mungu atatusamehe vipi?" Akanipa bakuli. Nikanywa, na ilikuwa supu nzuri.

Sikilizeni hapa, maana ndipo penye kazi na ndipo penye balaa. Mfupa wa mwana-mbuzi usiuchemshe kwa moto mkali, vichwa vyake havijashikana, vitabanduka. Na miguu usiitie chunguni hivi hivi. Mguu una vifupa vidogo vingi, na wa kulia ukichanganyika na wa kushoto, utakaa wiki ukivitenganisha na bado utakosea. Ammi alitufundisha dawa yake: kila mguu ufungwe katika kitambaa cheupe kabla ya kuchemshwa. Fundo moja, mguu wa mbele wa kulia. Mawili, wa mbele wa kushoto. Matatu na manne, ya nyuma. Kisha kitambaa kikaushwe polepole kivulini bila kufunguliwa. Mwende alikuwa hodari wa mafundo yale kutushinda sote.

Halafu mifupa ya kale ikaanza kupotea. Si yoyote. Ni kile kifupa cha kiwiko cha mguu wa nyuma, kile cha mraba kinachokaa vizuri kiganjani, Waarabu hukiita kaabu. Leo kimoja hakipo kwenye sinia, wiki ijayo kingine. Madam akatupanga mstari, mimi na Ammi na Mwende. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtu wa nje haingii hapa. Ni mmoja wenu." Nikamtazama Ammi. Ammi akautazama mfuko wake wa ngozi. Nikasema, ala! Umekwisha kujulikana, mzee.

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa haina raha. Nilianza kupita nyuma ya Ammi ninapofagia, nikiangalia mikono yake. Mwende akaacha kula nasi. Madam alipoondoka kwenda kwenye kijiji kile kilichofukuliwa kaskazini, ambako simu ilishika kwa bahati, alifunga vyumba vya uani akaenda na ufunguo. Hakumwamini mtu hata mmoja. Sawa, ningefanya vivyo hivyo. Ila alisahau kwamba Mwende alikuwa na mbuzi jikoni.

Mbuzi akaiva, vitambaa vikatolewa, na pa kuvikaushia pamefungwa. Juani havifai, na juu ya paa kuna paka. Mwende akavipeleka chumbani kwake, akavipanga juu ya kabati.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha gari niliposikia Hajja akipiga ukelele. Alikuwa amefuata harufu. Alikuta juu ya kabati la mfanyakazi Mwafrika vitambaa vyeupe, vimefungwa mafundo, akafungua kimoja, ndani mifupa. Kila Mwislamu anaisoma ile sura ya kujikinga na wanaopulizia mafundoni, watoto wadogo wanaijua. Hajja alikuwa ameyaona mafundo yenyewe kwa macho yake, nyumbani kwa mwanawe. Akasema neno ambalo kule likishatamkwa halirudi mdomoni: sihri. Uchawi.

Baba alikuja mbio kutoka kazini. Alimnyang'anya Mwende simu, akamfungia chumba cha kufulia. Akasema anamngoja kaka yake afike baada ya alasiri, kisha wampeleke polisi pamoja. Niliposogea, Mwende alikuwa akigonga mlango kwa ndani, analia kwa Kikamba na Kiswahili pamoja. "Baba Nduku, waambie ni mbuzi! Waambie ni zile za Madam! Watoto wangu, Baba Nduku!"

Niliogopa, na sioni haya kusema. Kesi ile si ya kufukuzwa kazi. Watu hukaa jela miaka, na wengine tulisikia habari zao mbaya zaidi. Nikamwambia Baba kwamba ile ni kazi ya Madam. Akanitazama. "Na wewe ni wa kwao, sivyo? Mji mmoja?" Nikarudi getini. Madam nilimpigia mara nyingi kadiri nilivyoweza, simu haikupatikana. Akabaki shahidi mmoja Mwislamu, aliyetufundisha mafundo yale. Na shahidi huyo siku hiyo hakuja kazini.

Nilimpigia Ammi, simu imezimwa. Nikasema, mzee ametoroka! Ameiba vifupa, amemwachia mwanamke wa watu mzigo. Nikachukua gari kwa kisingizio cha kutia mafuta, nikaenda Ghulail huku nikimtukana njia nzima.

Nilimkuta kwa kinyozi, amekaa kitini, povu shavuni. Simu ilikuwa kwenye chaji nyuma ya kioo. Nikamweleza yote mbele ya kinyozi. Akangoja wembe umalize. Akaenda chumbani kwake, akatia udhu, akavaa kanzu safi, akafunga kilemba upya, taratibu, kana kwamba tunaenda harusini. Mimi niko mlangoni nahesabu dakika.

"Ammi, yalla! Wanampeleka polisi!"

"Mtu anayekwenda kusema na mama mzee haendi na kola chafu," akasema. "Pita buchani."

Tukapita buchani, akanunua miguu minne ya mbuzi, mibichi, ina kwato.

Tulipofika, kaka yake Baba alikuwa amekwisha kuwasili, na funguo za gari mkononi. Ammi alitoa salamu, akaomba jambo moja tu: Hajja aletewe kiti jikoni kwa nje, atazame. Baba alikataa. Hajja mwenyewe akasema kutoka ndani, "Mwache. Nataka nimwone."

Basi Ammi akapiga magoti kwenye sakafu ya jiko, akaichuna miguu ile, akachana kitambaa, akafunga mguu wa kwanza fundo moja, wa pili mawili, wa tatu matatu, wa nne manne, akieleza kila fundo kwa sauti ndogo. Akatia sufuriani. Tukangoja. Mafuta yakapanda, harufu ikajaa uani, harufu ile ile ya juu ya kabati. Kule chumba cha kufulia Mwende aliacha kugonga mlango.

Ammi alipovitoa, akafungua cha mafundo matatu mbele ya Hajja, mvuke bado unatoka, na pembeni akafungua cha Mwende cha mafundo matatu. Mifupa ni ile ile, mguu ule ule, upande ule ule.

"Kama kifuko cha bizari," Hajja akasema, si kwa furaha. "Ninavyotia kwenye wali."

"Kama kifuko cha bizari, Hajja."

Kisha Ammi akachukua kile kifupa cha kiwiko, kaabu, akakiweka kiganjani, akamnyooshea. Akamtazama machoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mwanamke wa nyumba ile. "Hajja anakijua hiki?"

Hajja aliirudisha mikono yake ndani ya baibui. "Nimekulia na mbuzi," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mfungulie huyo msichana. Hana kosa."

Mwende alitoka na macho yamevimba, akaenda moja kwa moja jikoni akaanza kuosha sufuria, hakujua afanye nini kingine. Lakini Baba alikuwa amefanya kelele mbele ya kaka yake, na mtu wa namna hiyo hawezi kurudi mikono mitupu. Akamwambia Ammi, "Mafundo ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ile mifupa iliyopotea?"

Ammi akakunja vitambaa vyake. "Hiyo pia iweke juu yangu," akasema.

"Halas," Baba akasema. "Kwangu usirudi."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nilimsikia akikiri, na sitawaficha, moyo wangu uliridhika: nilijua! Madam alirudi akagombana na mumewe siku nyingi, lakini ikama ya Ammi, kibali chake cha kuishi kule, ilikuwa kwa Baba, na Baba akampa tikiti ya kwenda bila kurudi. Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Njiani aliniagiza nisichemshe wana-mbuzi kwa moto mkali. Pale forodhani alifungua ule mfuko wa ngozi akaguliwe. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea na picha ya mkewe. Nikasema, basi ameshaviuza.

Mwende alimaliza mkataba wake akarudi Mwingi. Ana kibanda cha supu, na watoto wamesoma. Mimi niliendelea na mifupa, hapo Jeddah na baadaye tena Al-Sulay, mpaka nikawakuta nyinyi mkiogopa sanduku kama nilivyoliogopa mimi. Mengi ya miaka hiyo mnayajua.

Yasiyojulikana ni haya. Kabla sijaondoka Jeddah, Hajja alifariki. Madam akaniita nisaidie kutoa vitu chumbani. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la biskuti, zito, linalia ndani. Madam akalifungua. Lilikuwa limejaa kaabu. Zile za kale, namba zetu za wino bado ubavuni, lakini zimelainika na kung'aa kwa kushikwashikwa. Madam alikaa kitandani. Alisema kwamba Hajja alizaliwa kwenye mahema, na mabinti wa wafugaji siku zile mchezo wao ulikuwa huo, kurusha kaabu na kudaka. Hajja hakuwahi kumsimulia. Madam alisikia kwa shangazi.

Nilijifungia chumba changu nikampigia Ammi Sudan. Alipokea sauti ikiwa imezeeka. Nikamwambia kopo limeonekana. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mungu amrehemu," akasema. "Alikuwa na mkono mwepesi. Mara ya kwanza sikuamini. Nikangoja ya pili."

"Ulijua? Siku ile jikoni ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukasema iwekwe juu yako!"

"Muli, ningemwaibisha mama mbele ya wanawe, nani angemtoa yule binti mle chumbani? Alikuwepo mmoja tu nyumba nzima ambaye neno lake lingefungua mlango ule."

Kisha kikanipanda kitu kama hasira, nikamuuliza kwa nini hakunidokezea hata mimi, mwenzake wa miaka yote, njia nzima ile ya uwanja wa ndege.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulikuwa unauangalia mfuko wangu."